Ngoma Iliyopangwa Barazani

Ndugu msomaji, watu wengi watazamapo ngoma za Kihindi huvutwa kwanza na njuga, na vito, na macho yale yaliyotiwa wanja ambayo huzunguka kana kwamba yana akili yao peke yao. Si vibaya, hata mimi hapo ndipo nilipoanzia. Lakini leo nakuomba unifuate nyuma ya pazia, tukawatazame watu ambao aghalabu hawaonekani jukwaani. Nataka tuzungumze juu ya ngoma iitwayo Odissi. Husemwa kwamba umri wake wafika miaka elfu mbili. Papo hapo yaweza kusemwa, bila kumdhulumu mtu, kwamba ilipangwa na kikundi kidogo cha wanaume walioketi pamoja katika mji wa Cuttack mnamo miaka ya 1958 na 1959. Kauli hizo mbili zote zina ukweli ndani yake, na namna zinavyoweza kukaa pamoja ndiyo habari niliyokuletea.

Nianze kwa kuiweka ngoma hii mahali pake. Orissa, ambayo tangu mwaka 2011 jina lake rasmi huandikwa Odisha, ni jimbo la mashariki ya India, kando ya Ghuba ya Bengal. Jirani zetu wengi wa asili ya Kihindi hapa Afrika Mashariki, babu zao walitoka upande mwingine kabisa wa nchi ile, Gujarat na Kutch na Punjab. Kwa hiyo usishangae ukimwuliza mwenye duka mtaani kwako juu ya Odissi akakujibu kwamba ameisikia tu. Ni sawa na kumwuliza Mhaya habari za sindimba.

Mchezaji wa Odissi ana maumbo mawili ambayo huyarudia daima. La kwanza huitwa chauka: miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa, mikono imepinda pembeni, mwili wote ukawa kama mraba. Husemwa kuwa ndilo umbo la mungu Jagannath, ambaye sanamu yake ya mti katika hekalu la Puri ni pana na nene, haina madaha. La pili ni tribhangi, maana yake mipindo mitatu: shingo huelekea huku, kiwiliwili kule, goti huku tena, mtu akasimama kama mto unaokata kona. Ngoma nzima ni safari ya kutoka kwenye mraba kwenda kwenye mpindo na kurudi. Jaribu nyumbani, msomaji, mbele ya kioo, watoto wakiisha kulala. Dakika mbili zatosha kukutia adabu.

Sasa, ni nani walioilea ngoma hii? Kwanza kulikuwa na wanawake walioitwa mahari, waliowekwa wakfu kwa hekalu la Jagannath huko Puri, hekalu lililojengwa katika karne ya 12. Asubuhi walicheza bila wimbo wakati mungu anapoandaliwa chakula. Usiku waliimba tungo za Gita Govinda, utenzi wa Jayadeva juu ya mapenzi ya Krishna na Radha, mpaka mungu alale. Pili walikuwako wavulana walioitwa gotipua, waliovikwa nguo za kike wakacheza nje ya hekalu, viwanjani na kwenye sherehe, wakiongeza vituko vya kupindua viungo ambavyo mtu mzima hathubutu. Tatu, kuanzia miaka ya 1940, palikuwa na majumba ya michezo ya kuigiza, hasa lile la Annapurna, ambako ngoma ilitiwa katikati ya hadithi ili watazamaji wasichoke.

Mahari, gotipua na jukwaa la mjini: watu wa makundi hayo hawakuheshimiwa. Mahari walipakwa matope na jamii iliyowaona kuwa makahaba wa hekaluni. Gotipua walionekana watoto wa kijijini tu. Waigizaji, wewe mwenyewe wajua jinsi wazazi wanavyosema juu ya waigizaji.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, serikali yake ilitaka kujua utajiri wake wa sanaa, na mapema katika miaka ya 1950 ikaunda chombo cha taifa cha muziki, ngoma na maigizo kiitwacho Sangeet Natak Akademi. Hapo likazuka swali gumu. Ni ngoma zipi zihesabiwe kuwa shastriya, yaani zenye kufuata shastra, maandiko ya kale yenye kanuni? Kuwa shastriya kulileta heshima, na heshima ilileta jukwaa mjini Delhi, walimu wenye mishahara, na safari za ng'ambo. Kukosa daraja hilo kulimaanisha kubaki ngoma ya mkoani, kitu cha kupigiwa makofi siku ya sherehe kisha kusahauliwa. Watu wa Orissa, ambao jimbo lao lilikuwa limetengwa kwa msingi wa lugha yao mwaka 1936 tu, hawakuwa tayari kusahauliwa.

Mwaka 1954 msichana mmoja mwanafunzi, Priyambada Mohanty, alikwenda Delhi na wenzake kwenye tamasha la vijana wa vyuo vikuu akacheza kipande kifupi cha ngoma ya kwao. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Charles Fabri, mhakiki wa sanaa mzaliwa wa Hungaria. Fabri aliona asichopata kukiona: katika mwili wa msichana yule alitambua mipindo ya sanamu za mawe za mahekalu ya Orissa. Akaanza kuandika na kuwashawishi wengine. Nikuambie jambo dogo la pembeni, kwa sababu linanifurahisha. Yule msichana hakuishia kuwa mchezaji tu. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama, akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sambalpur, na mwaka 1992 alitoa katika jarida la Nature, pamoja na wenzake, matokeo ya utafiti wa viluwiluwi ambao mikia yao iliyokatwa iliota miguu badala ya mkia. Baadaye aliandika, pamoja na bintiye, kitabu cha Odissi. Wale wanaotuambia kwamba mtoto achague ama ngoma ama masomo wangefaa kumsoma mama huyu.

Turudi kwenye hoja. Kipande kifupi hakitoshi. Ili Odissi ikubalike ilibidi iweze kujaza jioni nzima, iwe na mpangilio, majina ya hatua, mavazi, muziki, na ushahidi wa maandiko. Ndipo kilipoundwa huko Cuttack kikundi kilichoitwa Jayantika. Ndani yake mlikuwa na walimu wa ngoma: Pankaj Charan Das, Kelucharan Mohapatra, Deba Prasad Das na Mayadhar Raut. Mlikuwa pia na wenye kalamu: Kalicharan Pattanayak, mshairi na mtunzi wa michezo ambaye ndiye asifiwaye kwa kulitia mdomoni mwa watu jina lenyewe la Odissi, na Dhirendranath Patnaik, mtafiti wa historia ya ngoma hiyo.

Fikiria baraza hilo, msomaji. Huyu Kelucharan alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Raghurajpur, baba yake mchoraji wa picha za kitambaa. Akakulia katika vikundi vya maigizo ya dini, akafanya kibarua katika mashamba ya tambuu, akawa mpiga ngoma kabla ya kujulikana kama mchezaji. Kisanskriti hakukisoma shuleni. Mwenzake aliye na kitabu mkononi anakuta kimeandikwa kwamba mkono wa namna fulani ni ua la yungiyungi, au ndege, au mwezi. Lakini kitabu hakisemi mkono huo unatoka wapi kwenda wapi, kwa mwendo gani, na pumzi inavutwa saa ngapi. Mwenye kitabu anajua jina asijue mwendo. Mwenye mwili anajua mwendo, na pengine jina lake la kale hakupata kulisikia. Kila mmoja ana nusu ya sarafu.

Walizikutanisha nusu hizo kwa kazi. Walichukua kitabu cha Abhinaya Darpana, chenye kanuni za ishara za mikono na vichwa, ambacho Ananda Coomaraswamy na Duggirala Gopalakrishnayya walikuwa wamekwisha kukitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1917. Walichukua maandiko ya kwao Orissa. Walizitazama sanamu, hasa za Konark, lile hekalu la jua la karne ya 13 ambalo kuta zake zimejaa wapiga matari na wanawake wanaocheza, na michongo ya kale zaidi katika mapango ya Udayagiri. Walimu wakajaribu kusimama kama jiwe lilivyosimama, kisha wakatafuta hatua itakayolitoa jiwe lile mahali pake. Mayadhar Raut alikuwa amekwenda kusoma Kalakshetra, chuo ambacho Rukmini Devi Arundale alikianzisha Madras mwaka 1936, akarudi na elimu ya kanuni za ishara za mikono jinsi zinavyofundishwa huko kusini.

Mwisho wakapata mpangilio wa sehemu tano, ambao hata leo wanafunzi huanza nao. Kwanza mangalacharan, maamkizi, ambamo mchezaji huiomba ardhi radhi kabla ya kuikanyaga. Hilo peke yake, kwangu mimi, lingetosha. Hufuata batu, ngoma tupu isiyo na hadithi, ambamo mwili huiga sanamu za wapiga zeze, filimbi, matoazi na ngoma. Kisha pallavi, neno lenye maana ya kuchipua, na kweli wimbo na hatua huanza polepole kama chipukizi hadi vikajaa majani. Baadaye abhinaya, ambamo uso na mikono husimulia shairi. Mwisho moksha, kufunguliwa, ngoma inapokwenda mbio hadi ikanyamaza.

Hapa sina budi kuleta habari ya nyumbani, kwa maana ndiyo iliyonifanya niipende habari ya Cuttack. Shangazi yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa kungwi katika kijiji chetu cha Uzaramo, na mwimbishaji aliyejulikana vijiji vya jirani. Siku moja alifika mtafiti, kijana mpole mwenye kinasa sauti, akakaa siku tatu. Shangazi alimwimbia zile nyimbo zinazoruhusiwa kusikiwa na wanaume, akamweleza maana, akapewa doti ya khanga na sukari. Baada ya miaka kitabu kikatoka, nami nikakipata mjini nikampelekea. Jina lake halikuwamo; iliandikwa tu kwamba mwimbaji ni mwanamke wa kijijini. Nilidhani hilo ndilo litakalomuudhi. Akanisikiliza nikimsomea nyimbo zote mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na miguu ameiandika wapi?"

Nikapekua kurasa. Miguu haikuwamo. Yule kijana hakupata kusimama hata mara moja akafundishwa hatua ya kwanza, na shangazi hakuona jinsi mtu awezavyo kusema ameuelewa wimbo ambao hakuukanyaga. Kwake yeye nusu ya maneno ilikuwa kwenye visigino.

Basi ndiyo sababu nawaheshimu wasomi wa Jayantika. Miguu ilikuwamo barazani. Mwalimu angeweza kumwambia msomi, "Hapana, mwili haukubali hivyo," na msomi hakuwa na pa kukimbilia. Kalicharan mwenyewe alikuwa mtu wa jukwaa, aliyejua jasho la nyuma ya pazia. Matunda ya namna hiyo ya kushirikiana yalionekana upesi. Mwaka 1958 Sangeet Natak Akademi iliitisha mkutano mkubwa wa ngoma mjini Delhi, Kalicharan akaitetea Odissi mbele ya wataalamu wa nchi nzima, ambao baadhi yao walikuwa wakidhani ni tawi tu la Bharatanatyam ya kusini. Indrani Rahman, mchezaji mwenye jina kubwa, alikuwa amekwisha kujifunza kwa Deba Prasad Das, akaipeleka ngoma hiyo nje ya India. Baadaye Sanjukta Panigrahi, mwanafunzi wa Kelucharan, alishirikiana na Eugenio Barba katika ile shule ya kimataifa ya uchunguzi wa sanaa ya mwigizaji iliyokutana mara ya kwanza mjini Bonn mwaka 1980. Huko wataalamu wa Ulaya walimwomba aonyeshe, kidogo kidogo, jinsi uzito unavyohama kutoka unyayo hadi nyonga. Waliuliza juu ya miguu.

Lakini, ndugu msomaji, heshima yangu ina mpaka. Hebu rudia kusoma majina ya wale wa barazani. Umemwona mwanamke? Umemwona mahari? Ngoma iliyopata daraja kwa hoja kwamba ilitoka hekaluni, ilipangwa bila wanawake wa hekaluni kupewa kiti. Aliyekuwa karibu nao zaidi ni Pankaj Charan Das, ambaye alilelewa katika nyumba ya mahari, na shangazi yake Ratnaprabha alikuwa mmoja wao. Kwa njia yake hatua zao ziliingia, lakini wao wenyewe hawakuingia. Naelewa sababu zao. Wazazi wenye heshima zao wasingewapeleka mabinti kujifunza kitu kilichonuka sifa ya mahari; kitabu na jiwe vilikuwa safi zaidi kuliko mwanamke aliye hai. Sanamu haina majirani wa kuisengenya. Naelewa, ila siwezi kusema kwamba ilikuwa haki.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Huko kusini, mjini Madras, alikuwako Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wanawake wacheza ngoma na waimbaji wa jadi hiyo hiyo iliyodharauliwa. Naye V. Raghavan, profesa wa Kisanskriti na mtu mwenye sauti katika chuo cha muziki cha mji huo, Music Academy, angeweza kumhoji kisha akaandika peke yake, kama ilivyo desturi. Badala yake waliandika kitabu cha Kitamil juu ya Bharatanatyam kilichotolewa mwaka 1959, na juu yake yamo majina mawili, la msomi na la mchezaji. Mwaka ni ule ule waliokuwa wakikutana watu wa Jayantika. Kuhusu nani alimjulisha nani yapi ndani ya kitabu kile, kila msomaji mwenye akili atajua kwamba hoja za mwili hazikutoka kwa profesa.

Jayantika haikudumu. Walimu walitofautiana, kila mmoja akashika njia yake, na kwa maoni yangu hilo halikuwa hasara. Deba Prasad Das aliona kwamba wenzake wameipiga pasi ngoma mno wakaondoa mikunjo iliyokuwa uhai wake, naye akarudisha ndani mambo ya vijijini. Kelucharan aliendelea kuitia ulaini na nakshi hadi alipofariki mwaka 2004, na mtindo wake ndio ulioenea zaidi duniani. Pankaj Charan Das alibaki karibu na mahari waliomlea, akicheza na kutunga kwa namna ambayo haikuuzika sana katika kumbi kubwa.

Halafu, taratibu, wasomi wa kizazi kilichofuata wakaanza kubisha hodi kwenye milango iliyorukwa. Frédérique Apffel-Marglin alianza kama mwanafunzi wa kucheza Odissi, kisha akaenda kukaa na mahari wa Puri akiwasikiliza juu ya kazi zao za hekaluni, na mwaka 1985 kitabu chake kuhusu wanawake hao kikatoka. Wakati huo utumishi wao ulikuwa ukielekea ukingoni. Mahari Sashimani alifariki mwaka 2015, na Parasmani mwaka 2021.

Ratna Roy, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Evergreen State huko Marekani, yeye alikwenda kwa Pankaj Charan Das kama mwanafunzi wa kucheza. Kutoka kwake alijifunza mfululizo uitwao Pancha Kanya, ngoma za wanawake watano wa hadithi za kale ambao kila mmoja alitazamwa kwa jicho baya na wanaume wa zama zake, akiwamo Draupadi aliyeburutwa mbele ya baraza lililojaa wazee na mashujaa, akawauliza ni kwa haki ipi. Mtunzi wa ngoma hiyo ni mtoto aliyelelewa na mahari. Roy aliicheza kwa mwili wake mwenyewe kwanza, ndipo akaiandikia.